Fonti Isiposafiri na Kozi

Kompyuta ya mtengenezaji wa kozi ni shahidi asiyeaminika. Fonti aliyoichagua ameshaiweka humo mwenyewe, kwa hiyo programu ya kutengenezea kozi inaiona, kivinjari kinaiona, na kila kinachofunguliwa kwenye mashine hiyo kinapendeza. Akibonyeza kitufe cha kuchapisha na kuifungua kozi papo hapo, anakuta kile kile alichokichora. Anafurahi, anamtumia mteja kiungo, anaenda kunywa chai. Mwanafunzi wa Murang'a au Kilifi, ambaye simu yake haijui hata jina la fonti hiyo, anafungua kozi nyingine kabisa.

Nimekaa katika kazi ya kozi za mtandaoni muda wa kutosha kuliona jambo hili likijirudia kwa sura nyingi, na bado sijakutana na bajeti ya mradi yenye mstari wa fonti. Video ina mstari wake, msimulizi ana wake, mfasiri ana wake, hata chai ya uzinduzi ina wake. Fonti huchukuliwa kuwa kitu kinachokuja chenyewe.

Kozi iliyonifunza zaidi ilikuwa ya wahudumu wa afya wa jamii, katika eneo la kati la Kenya. Shirika lililoilipia lilikuwa na mwongozo wa nembo, kitabu kinene kilichoandaliwa ng'ambo, kikiagiza kwamba kila neno linalotoka kwa jina lao liandikwe kwa fonti moja tu, nyembamba na ya kuvutia, waliyoinunua kwa pesa nzuri. Hakuna aliyepinga. Maelezo ya kozi yalikuwa kwa Kiswahili, na Kiswahili hakiisumbui fonti: herufi zake ni zile zile za kawaida, q na x hazihitaji, na kinachoongezeka ni ritifaa ya ng' tu. Lakini mazungumzo ya mfano kati ya mhudumu na mama mjamzito yaliandikwa kwa Kikuyu, na Kikuyu kina vokali saba. Mbili kati ya hizo, ĩ na ũ, zina kiwimbi juu.

Muuguzi mmoja aliyekuwa katika kundi la majaribio alinitumia picha ya skrini ya simu yake, na swali chini yake: "Mwalimu, hii kozi imeandikwa na watu wangapi?"

"Kwa nini, sista?"

"Angalia hilo neno mũciĩ. Herufi nyingine ni za mtu mmoja, na hizo za kiwimbi ni za mtu mwingine mnene. Na kwenye kichwa cha somo kuna visanduku."

Nilipoikuza picha niliona alichokiona. Kila penye ĩ au ũ, kivinjari kilikuwa kimeikosa herufi hiyo katika fonti ya shirika na kwenda kuiazima kwenye fonti nyingine iliyokuwa ndani ya simu. Hivyo ndivyo vivinjari vilivyoagizwa kufanya, na ni wema wao: afadhali herufi ya kuazima kuliko pengo. Ila herufi ya kuazima ilikuwa nzito na ndefu kuliko jirani zake, na neno zima likaonekana kama limebandikwa viraka. Visanduku vilikuwa hatua ya mwisho, pale ambapo hata pa kuazima hapakupatikana. Kwa mtu anayemfundisha mama dalili za hatari, viraka ni aibu. Visanduku ni somo lililopotea.

Jambo la kushangaza ni kwamba fonti yenyewe ilikuwa na herufi hizo. Mbunifu wetu alinionyesha kwenye kompyuta yake, na kweli zilikuwapo, za kupendeza. Zilipotelea njiani. Programu nyingi za kuchapisha kozi hupunguza uzito wa fonti kwa kuacha nje herufi zinazodhani hazitatumika, na kipimo chao cha "Kilatini" huwa ni Kiingereza na lugha za Ulaya Magharibi. Kifaransa kinapita na alama zake zote. Kikuyu na Kikamba vinaachwa mlangoni. Hata Google Fonts, inayogawa kila fonti katika mafungu ili ipakuliwe kwa wepesi, haijaziweka ĩ na ũ katika fungu la msingi la Kilatini. Zimo katika fungu la nyongeza, na zimo pia katika fungu la Kivietnamu, kwa kuwa Wavietnamu nao wanazitumia. Tangu nilipolijua hilo nina njia yangu ya mkato: nikipewa fonti nisiyoifahamu, nauliza kwanza kama inakijua Kivietnamu. Ikikijua, mara nyingi Kikuyu hakitaisumbua. Watu hucheka nikisema hivyo kwenye kikao, kisha huandika.

Kiwimbi kina shida nyingine ambayo macho hayaioni mapema. Herufi ĩ inaweza kuandikwa kama herufi moja kamili, yenye namba yake katika orodha ya Unicode, au kama i ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachojitegemea. Msomaji akiziangalia kwenye fonti nzuri hataona tofauti. Kwenye fonti isiyojua kukipandisha kiwimbi mahali pake, kiwimbi huteleza pembeni na kuangukia herufi inayofuata. Maandishi yetu yalikuwa yamepita kwa watafsiri kadhaa wenye kibodi tofauti, kwa hiyo yalikuwa na aina zote mbili zikiwa zimechanganyika, wakati mwingine ndani ya sentensi moja. Ilibidi maandishi yote yapitishwe kwenye programu ya kuyasawazisha, kila ĩ iwe herufi moja kamili, kabla ya kugusa fonti. Ni kazi ndogo. Nashangaa bado kuona ni wangapi wanaoiruka na kwenda moja kwa moja kulaumu fonti.

Tulirekebisha, tukachapisha upya, na kwenye simu zetu mambo yakawa sawa. Kozi ikahamishiwa kwenye seva ya shirika. Huko fonti ikapotea yote.

Hapa inafaa kueleza kozi iliyochapishwa ni kitu gani. Kwa kawaida ni faili moja lililobanwa, lililopangwa kwa kanuni za SCORM, utaratibu ulioasisiwa na mpango wa mafunzo wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo lake la 1.2, la mwaka 2001, bado linatumika hadi leo kwenye mifumo mingi ya mafunzo. Ukilifungua faili hilo utakuta kurasa, picha, sauti, orodha ya yaliyomo iitwayo imsmanifest.xml, na, mambo yakiwa sawa, folda yenye fonti. Kurasa huita fonti kwa amri ya @font-face, amri iliyokuwamo katika CSS2 tangu 1998 ingawa ilichukua miaka mingi vivinjari vyote kukubaliana nayo. Umbo la WOFF, lililobuniwa mahsusi kwa fonti za mtandaoni, lilipata idhini kamili ya W3C, shirika linaloweka viwango vya mtandao, Desemba 2012, na WOFF2, ambalo ni jepesi zaidi, likaipata Machi 2018. Amri hiyo haina akili ya kutafuta. Inasema: fonti fulani iko kwenye folda fulani, kwa jina fulani. Isipokuwapo hapo, kwa jina hilo hilo, kivinjari hakipigi kelele. Kinachukua fonti nyingine na kuendelea.

Fonti yetu ilikuwa mahali pake. Jina la faili lilikuwa limeishia kwa TTF, herufi kubwa, kama lilivyotoka kwa muuzaji. Amri ndani ya ukurasa ilikuwa imeandika ttf, herufi ndogo. Kwenye kompyuta zetu za Windows majina hayo mawili ni kitu kimoja. Seva ya shirika ilitumia Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti, moja lipo na jingine halijawahi kuzaliwa.

Injinia wa shirika alikuwa na jibu tayari. "Sisi hatujagusa kitu chochote," aliniambia kwa simu, na alikuwa anasema kweli. Nami nilikuwa nasema kweli nilipomwambia kwamba kwetu inafanya kazi. Mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kuchukua wiki nzima, kila upande ukiwa na haki. Yanakatwa na kitu kimoja tu: kufungua zana za watengenezaji ndani ya kivinjari, kwenda kwenye sehemu ya mtandao, kuchagua fonti peke yake, na kusoma kila faili limejibiwa nini. Ikiandikwa 404, faili halikupatikana kwa jina lililoitwa. Mabishano yanaishia hapo. Namshauri kila msimamizi wa mafunzo ajue kuifungua sehemu hiyo hata kama hajui kuandika mstari mmoja wa programu.

Hiyo 404 ina sababu nyingine ambayo nimekutana nayo baadaye kwenye seva za ofisi zinazotumia IIS ya Microsoft. Faili lipo, jina ni sahihi mpaka nukta, na bado seva inakana kulijua. IIS haitoi aina ya faili ambayo haijaorodheshwa kwake, na matoleo ya zamani hayakuwa na woff2 katika orodha. Msimamizi anaongeza mstari mmoja na tatizo linakwisha. Ugumu uko katika kumpata msimamizi.

Kuna pia pale ambapo picha zote zinaonekana, sauti inasikika, video inacheza, lakini fonti hakuna. Ukiona dalili hiyo, uliza kama mafaili ya kozi yamewekwa kwenye anwani tofauti na ile inayofungua ukurasa. Vivinjari huruhusu picha zitoke popote. Fonti zinazotoka anwani nyingine huhitaji seva inayozitoa itamke wazi kwamba inaruhusu. Isipotamka, fonti inafika hadi kwenye kivinjari na kukataliwa hapo hapo. Ni kanuni ya usalama na ya haki za wachoraji wa fonti, nami siilaumu, ila ingekuwa vizuri wanaouza huduma za kuhifadhi kozi wangeieleza kabla ya mtu kulipa.

Nimetaja haki za wachoraji, na hapo ndipo nilipogundua kwamba lile shirika, pamoja na kitabu chake kinene, halikuwa na ruhusa ya kufanya kile kitabu kilichoagiza. Leseni waliyoinunua ilikuwa ya kompyuta za ofisini. Kuiweka fonti ndani ya kozi inayopakuliwa na maelfu ya watu ni leseni nyingine, yenye bei nyingine. Tena ndani ya faili la fonti kuna namba ndogo inayosema kama muuzaji anaruhusu fonti ipachikwe kwenye nyaraka. Baadhi ya programu huiheshimu namba hiyo na kuiacha fonti nje, wakati mwingine bila hata kutoa onyo. Mbunifu anakesha akitafuta hitilafu ambayo kwa kweli ni kufuli iliyowekwa kwa makusudi.

Afisa mawasiliano wa shirika alisikitika sana. Mwishowe tulikubaliana: nembo, jalada na vyeti vibaki na fonti ya shirika, vikiwa picha, na maandishi ya masomo yapewe fonti ya Noto, ambayo ni huru na inazibeba ĩ na ũ bila kulalamika. Hakuna mhudumu hata mmoja aliyeuliza fonti nzuri imekwenda wapi.

Kazi ya pili iliyonifundisha ilikuwa Mombasa, na ilikuwa ngumu zaidi kwa kuwa huko herufi ndizo zilikuwa somo lenyewe. Tulikuwa tukiandaa kozi fupi ya kuwafundisha vijana kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama kilivyoandikwa karne nyingi pwani yetu. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi hizo. Mashairi ya Muyaka yamehifadhiwa kwa kazi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeshirikiana na mmisionari William Taylor. Vijana wengi wa Mji wa Kale wanasoma Kurani vizuri sana, lakini barua ya babu yao, yenye Kiswahili cha nyumbani kwao, hawaiwezi.

Tulimpelekea Maalim mmoja mzee, aliyekuwa mshauri wetu, somo la kwanza kwenye simu ya mjukuu wake. Aliitazama kwa muda.

"Maalim, umeionaje?"

"Mwanangu, herufi zako zimeachana mikono. Hivi ndivyo anavyoandika mtoto wa chuoni kabla hajafunzwa kuunga."

Kwenye kompyuta zetu ziliungana. Kwenye simu ile kila herufi ilisimama peke yake. Herufi nyingi za Kiarabu zina maumbo manne, kwa kadiri ya mahali zilipo: mwanzo wa neno, katikati, mwisho, au peke yake. Anayeandika kwenye kompyuta hachagui umbo. Anaandika herufi tu, na fonti, kwa jedwali la kanuni lililomo ndani yake, ndiyo inayojua umbo gani litoke. Programu yetu ya kuchapisha ilikuwa imeipunguza fonti ikabakiza herufi na kulitupa jedwali. Herufi zote zilifika. Elimu ya kuunga haikufika.

Tukalirudisha jedwali, zikaungana katika maelezo lakini si katika vichwa vya masomo. Huko kiolezo cha kozi kilikuwa kimeongeza nafasi kidogo kati ya herufi na herufi, pambo ambalo katika herufi za Kilatini hupendeza. Katika Kiarabu ni kukata uzi. Tukaiondoa nafasi. Kisha Maalim akaona kwamba nukta ya mwisho wa sentensi imerukia upande wa kulia, kwa sababu aya haikuwa imeambiwa kwamba inasomwa kutoka kulia. Yeye hakujua lolote la fonti wala jedwali. Alijua mwandiko, na hilo lilitosha kuona kila kosa kabla yetu.

Tatizo lililobaki halikuwa la uchapishaji. Kiarabu hakina p, wala ch, wala v, kwa hiyo waandishi wa Kiswahili walizitafutia herufi zenye nukta za ziada, kama walivyofanya Waajemi. Baadhi yao huandika sauti ya ng' kwa herufi ya ayn yenye nukta tatu juu, ile ile ambayo Wamalay huitumia kwa sauti hiyo. Fonti nyingi nzuri za Kiarabu zimechorwa kwa ajili ya Kiarabu peke yake. Zikifika kwenye p ya Kiajemi baadhi zinaiweza. Zikifika kwenye ayn ya nukta tatu nyingi zinashindwa, na kivinjari kinaazima, na mkono wa mwandishi mwingine unaingia katikati ya neno. Kwa kozi ya kusoma mwandiko, hilo ni kumpotosha mwanafunzi kabisa, maana atadhani tofauti hiyo ina maana.

Tulitumia Scheherazade New, fonti ya shirika la SIL iliyotengenezwa kwa makusudi kwa lugha nyingi zinazoandikwa kwa herufi za Kiarabu, pamoja na zile zisizo Kiarabu. Si fonti ya kuvutia sana kwenye bango. Mwenzetu mmoja aliililia fonti ya Kikufi aliyokuwa ameipenda. Nilimwelewa, lakini katika kozi naipanga hivi: kwanza herufi zote ziwepo, pili leseni iruhusu, tatu uzito uendane na bando la mwanafunzi, na uzuri uje baada ya hayo.

Kuhusu bando, kuna jambo ambalo wabunifu wa mijini hulisahau. Opera Mini, ambayo watu wengi kwetu huipenda kwa kubana data, haipakui fonti za kurasa ikiwa katika hali yake ya kubana data kwa ukali. Ufanye ufanyavyo, mwanafunzi huyo ataona fonti ya simu yake. Na Chrome, fonti ikichelewa, huficha maandishi hadi sekunde tatu kabla ya kuonyesha mengine ya kuazima. Mwenye mtandao wa kusuasua anabaki akiangalia ukurasa mtupu na kudhani kozi imekufa. Mstari mmoja tu, font-display: swap, unaagiza maandishi yaonekane mara moja kwa fonti yoyote iliyopo, kisha yabadilike fonti ikifika. Naagiza mstari huo uwepo katika kila kozi. Nami huijaribu kozi nzima mara moja bila fonti yake, makusudi, nione kama vitufe bado vinasomeka na sentensi hazimwagiki nje ya visanduku vyake.

Wapo wanaoikimbilia picha: kila ukurasa wa maandishi unageuzwa kuwa picha na mambo yanakwisha. Sikubaliani nao. Picha ni nzito, haikuzwi vizuri kwenye simu ndogo, na programu inayomsomea asiyeona haioni neno hata moja ndani yake. Mwalimu asiyeona aliyejiandikisha kwenye kozi ya namna hiyo amelipia ukimya. Jalada na cheti ni sawa. Somo, hapana.

Siku hizi mkataba wangu una kifungu kifupi: kabla ya kuchagua fonti, mteja atoe orodha ya lugha zote zitakazotumika katika kozi na nakala ya leseni, na kabla ya malipo ya mwisho, kozi ifunguliwe kutoka kwenye seva itakayotumika, kwa simu ya mtu asiye wa ofisi yake wala yangu. Wateja wengine hukiona kifungu hicho ni usumbufu. Wanaosaini hawanipigii simu usiku.

Ombi langu la mwisho ni kwa vijana wanaosomea ubunifu Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Fonti nyingi nzuri zimetolewa kwa leseni huru ya OFL, ambayo SIL iliitoa katika toleo lake la 1.1 mwaka 2007. Leseni hiyo inamruhusu mtu yeyote kuifungua fonti, kuchora herufi zilizokosekana, na kuitoa tena chini ya leseni hiyo hiyo, mradi asitumie jina ambalo mwenye fonti amelihifadhi. Fonti uipendayo ikikosa ĩ, au ikikosa ayn ya nukta tatu, huhitaji kumwandikia barua mtu wa Ulaya na kusubiri. Ichore.